Muuguzi wa Bukavu nahamia uchambuzi wa data: nichague masta ipi?

mama_nyawera

Jambo sana wandugu. Naomba mawazo yenu, hasa ninyi mliotoka fani nyingine mkaingia kwenye data.

Mimi ni muuguzi. Nilianza na graduat ya uuguzi, ile ngazi ya kwanza ya chuo, nikamalizia na lisansi ya afya ya jamii kwa mfumo ule wa zamani, yote hapa hapa Bukavu. Sasa niko ofisi kuu ya zoni ya afya, na kazi yangu ni ripoti za kila mwezi za vituo: nazipokea, nazikagua, naziingiza kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Muuguzi mkuu wa kituo anajaza kanevasi, yaani fomu ya ripoti, kwa mkono, karatasi inashuka kwa pikipiki, mara nyingine imelowa, nami naanza kusoma. Ninachokipenda si kule kuingiza. Ni pale karatasi inaposema waliokutwa na malaria ni wengi kuliko waliopimwa. Nampigia muuguzi, tunatafuta pamoja, tunakuta kwenye waliopimwa alijumlisha vipimo vya haraka peke yake, na kwenye waliougua akajumlisha na wale wa hadubini. Kazi ya namna hiyo naweza kuifanya hadi usiku bila kuchoka, na zamu za wodini sizikumbuki kabisa.

Mradi uliokuwa unatupa primu, nyongeza juu ya mshahara, uliisha 2025, fedha za Wamarekani zilipokatwa. Mshahara wa serikali mnaujua. Kwa hiyo nimeamua kubadili kazi, na nimebaki na njia tatu.

Ya kwanza ni masta ya sayansi ya data Kigali, kwenye kituo cha umahiri cha Chuo Kikuu cha Rwanda wanachokiita ACE-DS. Ni kuvuka Rusizi na kupanda basi, watoto ningeweza kuja kuwaona. Ya pili ni kusoma mtandaoni. Rafiki yangu ananihimiza nichukue ile ya Georgia Tech ya Marekani kwa sababu bei yake iko chini. Ya tatu ni masta ya menejimenti hapa mjini, ya jioni, ambayo juzi juzi jina lake limeongezewa "data". Hiyo ndiyo nyepesi kwangu: ni Kifaransa, siachi kazi, silali mbali na nyumba.

Kiingereza changu ni cha kusoma, kuongea bado. Hisabati tuliachana sekondari. Nina miaka thelathini na kitu na watoto wawili. Nisaidieni, na mwenye kuona njia zote tatu hazifai aseme pia.

kijana_kadutu

Dada, masta ya nini? Pesa hiyo nunua laptopu nzuri na inverta, jifunze Excel, SQL na Power BI YouTube miezi sita, halafu tafuta kazi za mtandaoni. Mimi nilipitia huko na watoto wanakula.

mama_nyawera

Asante mdogo wangu, na hongera kwa kweli. Power BI naichezea tayari kwenye kompyuta ya ofisi. Ila matangazo ya kazi ninayoyaona kwenye mashirika ya afya, mtu wa takwimu, mtu wa ufuatiliaji na tathmini ngazi ya jimbo, mengi yanadai masta. Usipokuwa nayo faili lako halisomwi.

Na kuna kingine. Mwezi uliopita nilimwonyesha daktari mkuu wa zoni grafu ya vituo viwili, kimoja malaria imepanda, kingine imeshuka. Akaniuliza: "Tofauti hii ni ya kweli, au ni bahati tu ya mwezi huu?" Sikuwa na la kumjibu. Kuchora nimejifunza, kujibu swali lile hakuna video iliyonifundisha.

takwimu_ruzizi

Dada mama_nyawera, swali la daktari wako ndilo litakalokuchagulia masta. Nitaandika kirefu kidogo, univumilie.

Mimi nilikuwa mwalimu wa biolojia Bagira, sasa nafanya takwimu za afya Kigali, na kila mwaka vijana wa Kivu wananiandikia wakiniuliza hili hili. Wote wanaanza na jina la masta. "Data analytics", "business intelligence", "sayansi ya data", "data kubwa". Jina halikwambii kitu. Anza na orodha ya masomo. Chuo chenye programu ya kweli kinaweka kwenye tovuti masomo yote na krediti (uzito) za kila somo. Kama hawaiweki, waandikie uiombe. Wakikujibu kwa brosha yenye picha za majengo, umeshapata jibu.

Ukiipata orodha, chukua kalamu za rangi. Rangi moja kwa kila somo la takwimu na uwezekano: regresheni, sampuli, data za muda, majaribio. Rangi nyingine kwa kompyuta: lugha za programu kama R, Python na SQL, na hifadhidata. Rangi ya tatu kwa yote yaliyobaki: uongozi, semina, mbinu za utafiti, ujasiriamali. Kisha jumlisha krediti za kila rangi, maana masomo mawili yanaweza kuwa na majina ya kishindo na krediti mbili mbili tu. Ile masta ya jioni uliyoitaja, fanya hivyo nayo. Nimeshaona nyingi za aina hiyo, na kwa kawaida rangi ya tatu ndiyo inayojaa ukurasa, data ikiwa ni somo moja la Excel na jingine la mifumo ya habari. Kwa anayetaka kuwa meneja hiyo ni masta nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini daktari wako hakukuuliza swali la meneja.

Jambo la pili, tazama mlango wa programu umetengenezewa nani. Kigali peke yake kuna milango mitatu isiyofanana. AIMS Rwanda, taasisi ya hisabati, inatoa masta ya sayansi za hisabati pamoja na burse, yaani ufadhili wa masomo, ila wanatafuta watu waliokwisha kukomaa kwenye hisabati. CMU-Africa, tawi la Carnegie Mellon lililoanzishwa Kigali 2011, ni nyumba ya uhandisi na teknolojia ya habari. Bila kuzoea kuandika programu utateseka. ACE-DS ilianza 2016 kwa msaada wa Benki ya Dunia, na ndani yake kuna michepuo: ekonometria, aktuaria (hesabu za bima), demografia, uchimbaji wa data, na takwimu za afya, yaani biostatistiki. Huo wa mwisho ndio mlango wako. Pale mhandisi atakushinda kwenye kuandika programu wiki za kwanza, lakini mhadhiri akisema "ukamilifu na uharaka wa ripoti", mhandisi ataandika asichokijua na wewe utakuwa umekwisha kumwelewa.

Hapa nataka nikazie, kwa sababu wanaohama fani wengi wanaona aibu ya walikotoka. Wanataka masta itakayofuta uuguzi, ualimu, uhasibu. Kinyume chake ndicho kinacholipa. Wanaojua kuandika regresheni wapo wengi. Wanaojua kuwa kituo fulani hushusha namba za chanjo mwezi wa mvua kwa sababu barabara imekatika, na siyo kwa sababu kina mama wamekataa, ni wachache sana. Chagua masta itakayokuacha ubebe ujuzi huo na kuandikia memware yako, ile tasnifu ya mwisho, humo.

Tatu, kuna njia hukuitaja. Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, kina masta ya takwimu na sayansi ya data yenye mchepuo wa biostatistiki, na kinayo pia njia ya kuisoma kutoka mbali. Kwa miaka mingi VLIR-UOS, shirika la ushirikiano la vyuo vya Ubelgiji, imekuwa ikiwalipia wanafunzi wa nchi zetu kwenye programu ile. Ni Kiingereza, na ni ngumu, lakini orodha yake ya masomo ukiipaka rangi utaona mwenyewe.

Georgia Tech: ni masta halisi, haina ubabaishaji. Ilianza 2017 kwa bei iliyo chini ya dola 10,000 kwa masomo yote, krediti 36, yaani masomo kumi na mradi wa mwisho, na unaruhusiwa kwenda na somo moja kwa muhula. Lakini wanategemea ufike ukiwa na kalkulasi, aljebra ya mstari, uwezekano na Python. Na masomo yake mengine ya lazima ni ya biashara: hesabu za makampuni, masoko. Kwa mhasibu ningesema nenda. Kwa wewe ningeiweka nyuma ya ACE-DS na Hasselt.

Kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, fanya jaribio. Kwenye FUN-MOOC, tovuti ya bure ya Wafaransa, kuna kozi ya utangulizi wa takwimu kwa R ya profesa Bruno Falissard. Yule bwana ni daktari wa akili na ni mtu wa takwimu pia, na data anayofundishia ni ya uchunguzi wa afya ya akili ya wafungwa Ufaransa. Utasoma kwa Kifaransa, kwa lugha ya mtu wa afya, bila gharama. Ukiimaliza na bado una hamu, peleka maombi. Ukiona unajilazimisha kila jioni, ni heri ulijue hilo kabla ya kuacha kazi.

fundi_katuba

Salamu kutoka Lubumbashi. Yaya (mkubwa wetu) takwimu_ruzizi amesema vizuri, ila nipinge sehemu moja.

Mimi nilikuwa magazinia, mtunza ghala, kwenye kampuni inayohudumia migodi, upande wa Likasi na Kolwezi. Sasa nachambua data za malori na mafuta. Hakuna aliyeniuliza masta. Walinipa kompyuta, jedwali lenye mistari elfu na kitu ya matumizi ya mafuta, wakasema una saa mbili, tuambie lori gani linaiba. Nililipata kwa sababu nilijua kuwa lori lililobeba shaba kupanda kutoka Kasumbalesa... samahani, kushuka kwenda Kasumbalesa, haliwezi kutumia lita sawa na likirudi tupu. Kwa hiyo kwenye sekta binafsi kijana_kadutu ana haki: jaribio linashinda cheti.

Masta mimi naisoma sasa hivi, polepole, kwa sababu nimefika pale ambapo kujumlisha na kuchora hakutoshi tena. Nataka kutabiri kipuri kitakufa lini. Ushauri wangu kwa mama: kama utabaki kwenye afya na mashirika, masta kwanza. Kama siku moja utakuja huku Katanga kwenye migodi, ujuzi kwanza. Na kwa wale wa huku Lushi wanaosoma uzi huu, msisahau kuwa tuna Institut Supérieur de Statistique mjini kwetu, na Unilu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wana kitivo cha sayansi. Wengi wanapita mbele ya milango hiyo wakitafuta burse ya Ulaya.

takwimu_ruzizi

fundi_katuba, hapo sikupingi. Mfano wako wa lori unasema kile kile nilichokisema kuhusu mvua na chanjo. Ulikotoka ndiko kulikokupa jibu.

mwalimu_virunga

Niko Goma, nafundisha hisabati. Naomba niguse hofu ya mama kuhusu hisabati, maana ndiyo inayowarudisha watu nyuma.

Hisabati ya masta ya namna hii ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Kwenye kalkulasi unahitaji kuelewa mteremko wa mchoro na eneo lililo chini yake. Zile integrali ndefu za mwaka wa sita huzigusi. Kwenye aljebra ya mstari unahitaji matriki: kuzidisha, kugeuza, kujua kwa nini mara nyingine haigeuki. Muda wako mwingi upeleke kwenye uwezekano. Huko ndiko wanafunzi wenye akili nyingi wanakoanguka, kwa sababu fomula wanazijua na maana hawaijui.

Nikuonyeshe kwa swali la daktari wako. Fungua data zako za mwaka mzima, kokotoa kwa kila kituo asilimia ya waliokutwa na malaria kati ya waliopimwa, kila mwezi. Zipange kutoka juu hadi chini. Nina hakika kileleni utakuta vituo vidogo, na chini kabisa utakuta vidogo pia. Vikubwa vitajikusanya katikati. Mtu asiyejua atasema vituo vidogo vina malaria mbaya kuliko vyote, na mwenzake akitazama chini atasema vina malaria kidogo kuliko vyote. Wote wawili wanatazama bahati. Kituo kilichopima watu kumi, wagonjwa wawili wakiongezeka asilimia inaruka kwa ishirini. Kilichopima elfu moja, wawili hao hawaonekani. Ukubwa wa mruko unapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliopimwa: ukitaka mruko upungue kwa nusu, pima watu mara nne.

Sasa mjibu daktari: "Docta, kile kilichopanda kimepima watu wangapi?" Hilo ni jibu la mtu wa takwimu, na umelipata bila integrali hata moja. Ukiisha kupenda aina hii ya kufikiri, fomula zake utazipokea. Mimi niko tayari kukusaidia bure, uniandikie ndani.

mama_nyawera

Mwalimu!!! Nimefanya jana jioni. Kile kituo kilichopanda ni kidogo, kiko juu kule mlimani. Na pale juu na chini ya orodha ni kama ulivyosema, vidogo vimejaa. Nimekaa nikiitazama ile orodha mpaka mtoto akaniuliza kama nimefiwa.

Nitakuandikia kweli.

mkuu_wa_ilala

Wakuu, niko Dar. Dada, kuna chuo chetu cha takwimu, EASTC, kilichoanzishwa 1961 kuhudumia nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza. Kina masta ya takwimu rasmi. Nakitaja kwa sababu Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na vyuo kadhaa vya ukanda huu vina ada ya raia wa Jumuiya na ada ya wageni. Popote utakapoomba, iwe Kigali au huku, andika barua pepe uulize wazi kama Mkongomani anatozwa ada ya Jumuiya. Usingoje wakuambie wenyewe. Tofauti yake siyo ya nauli.

Kuhusu Kiingereza usihofu sana. Huku utaishi kwa Kiswahili mtaani na darasani utasikiliza. Wiki za kwanza ni ngumu, kisha sikio linafunguka.

binti_essence

Mimi niko mtaa wa Essence, nasoma masta ya mtandaoni ya chuo cha Marekani nikiwa hapa hapa Bukavu, kwa hiyo niseme yale ambayo tovuti haziandiki.

Umeme. Video unaweza kupakua usiku koneksio ikiwa nzuri na kuzitazama ukiwa gizani, hilo si tatizo. Tatizo ni mtihani. Mitihani mingi inasimamiwa kwa kamera: unawasha kamera, unaonyesha chumba kizima, unaonyesha kitambulisho, na tangu hapo usikatike. Umeme ukikatika katikati una maelezo ya kuandika, na si kila mhadhiri atakuelewa. Kabla ya kulipa ada ya kwanza nunua betri na inverta itakayobeba kompyuta na ruta kwa saa nne. Weka gharama hiyo ndani ya bei ya masta. Watu wanaandika "dola elfu kumi" wakasahau betri, mega za intaneti, na mtihani wa Kiingereza wa kuombea nafasi.

Saa. Kazi inayofungwa saa sita usiku Atlanta, hapa kwetu ni saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, kutegemea msimu wao. Kwangu imekuwa baraka: naamka saa tisa usiku, mtaa umetulia, koneksio inakimbia, namaliza kabla watoto hawajaamka.

Malipo. Tangu vita ilipofika mjini Februari 2025 kulipa kitu nje ukiwa Bukavu ni safari. Panga mapema nani atakulipia na kwa kadi ipi, na uhakikishe jina lako la mwanafunzi linaandikwa kwenye risiti.

Upweke. Hili ndilo lililonisumbua kuliko umeme. Hakuna wa kumuuliza kwenye kiti cha pembeni. Kama kuna uwezekano wa kukaa darasani Kigali na watu, mimi ningekaa.

Na kwa wenye shida ya vyeti, faili zimepotea au chuo cha zamani hakijibu: University of Colorado Boulder ina masta ya sayansi ya data kupitia Coursera ambayo haikuombi vyeti vya zamani ili uingie. Unachukua kozi zao za kwanza, ukizifaulu kwa kiwango wanachotaka umeshakubaliwa. Bei yote inazidi dola 15,000, lakini unalipa kozi kwa kozi. Kwa waliokimbia nyumba zao na kuacha kila kitu, hiyo si njia ndogo.

mama_nyawera

Dada binti_essence, hapo kwenye vyeti umenigusa. Vyangu ninavyo vyote, ila nina maswali mawili kwa yaya takwimu_ruzizi. Lisansi yangu ni ya mfumo wa zamani, na alama zangu ni asilimia sitini na kitu, "satisfaction". Nikitazama fomu za nje naona kama wanataka themanini. Si nitatupwa mlangoni?

takwimu_ruzizi

Hutatupwa, lakini ni lazima ujieleze, kwa sababu anayesoma faili lako hajawahi kufika Bukavu.

Lisansi kwanza. Zamani ulisoma graduat miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili: jumla mitano. Mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, doktora) uliowekwa kwenye sheria ya elimu ya 2014 na kuenezwa vyuoni tangu mwaka wa masomo 2021-2022 unaita lisansi miaka mitatu ya mwanzo tu. Mtu wa ofisi ya maombi akiona "Licence" atahesabu mitatu. Kwa hiyo usipeleke cheti cha lisansi peke yake. Peleka diploma zote mbili, graduat na lisansi, na karatasi za alama za miaka yote mitano, na kwenye barua uandike mstari mmoja unaosema miaka yako ya chuo kikuu ni mitano. Nimeona mtu mwenye miaka mitano akiombwa arudie ya chini kwa sababu ya kuficha graduat akidhani ni cheti kidogo.

Alama. Kwetu "satisfaction" ni kuanzia hamsini, "distinction" ni kuanzia sabini, "grande distinction" themanini, na kila aliyepita hapa anajua ni wangapi huipata hiyo themanini. Kwa Mmarekani asilimia sitini na tano ni aibu; kwetu ni mtu aliyefanya kazi. Omba chuo chako kikuandikie karatasi inayoeleza ngazi hizi, na kama wanaweza, nafasi yako darasani. Ukiwa ulikuwa wa nne kati ya watu themanini, hiyo inazungumza kuliko asilimia. Anza kuzifuata karatasi hizi sasa, maana mihuri ya kwetu unaijua. Tafsiri ya Kiingereza ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa.

kijana_kadutu

Hilo la graduat hata mimi sikulijua. Na vile vituo vidogo vya mwalimu, nimejaribu kwenye data za mauzo ya wateja wangu: maduka madogo juu, maduka madogo chini. Nimenyamaza kwanza, naifungua hiyo kozi ya Falissard.

mama_nyawera

Wandugu, nimepaka rangi orodha tatu kama yaya alivyosema. Ile ya jioni ya hapa mjini, takwimu zilipata somo moja, kompyuta moja, ukurasa wote uliobaki ni rangi ya tatu. Nimeiacha. Kozi ya R nimeianza na bado naipenda.

Mume wangu nimeshazungumza naye kuhusu Kigali, mama mkubwa amekubali kukaa na watoto siku za masomo. Nitaomba mchepuo wa biostatistiki, na Hasselt ya kutoka mbali nitaiomba pia ili nisitegemee mlango mmoja. Georgia Tech hapana.

Swali la mwisho. Barua ya maombi naanza vipi? Nimeandika "Tangu utoto wangu napenda namba" nikaifuta, si kweli. Na naweza kuwatumia data za zoni kama mfano wa kazi yangu?

takwimu_ruzizi

Umefanya vizuri kuifuta. Anza na kituo cha mlimani. Ripoti ilisema malaria imepanda, daktari akauliza kama ni kweli, wewe ukapanga vituo vyote ukaona vidogo vimejaa juu na chini. Andika hivyo hivyo, mistari sita, bila kulitaja jina la kituo. Kisha sema usichoweza bado kukifanya: kutenganisha kupanda kwa kweli na bahati kwenye vituo vidogo. Halafu taja somo la kwao, kwa jina lililo kwenye orodha yao, litakalokufundisha hilo. Barua ikiisha hapo inatosha, ukurasa mmoja.

Data za zoni usizitume, hata kama hazina majina ya wagonjwa. Ni za wizara, na ruhusa yake inatoka Divisheni ya Afya ya jimbo kwa maandishi. Ruhusa hiyo iombe mapema kwa ajili ya memware, kwani utaihitaji. Kwa mfano wa kuonyesha, chukua namba zilizochapishwa kwa kila mtu: ripoti ya EDS, uchunguzi wa kitaifa wa watu na afya, ya 2023-2024 ina majedwali ya malaria kwa kila jimbo, na HDX, hazina ya data za misaada ya Umoja wa Mataifa, ina mafaili ya kupakua. Kongo haijahesabu watu tangu 1984, kwa hiyo popote utakapogawa kwa idadi ya wakazi, andika idadi hiyo umeitoa wapi na ni makadirio ya nani. Msomaji wa Kigali ataangalia hapo kwanza.

Na mtu wa kukuandikia barua ya pili ya mapendekezo awe huyo huyo daktari mkuu wa zoni. Mkumbushe swali alilokuuliza, alitaje.

mama_nyawera

Amekubali. Amesema nimletee rasimu Jumatatu, na nimletee pia ile orodha ya vituo, anataka kuionyesha kwenye mkutano wa mwezi wa zoni.